Beseni limepasuka? Lete kisu kikuukuu

Beseni langu la bluu lina miaka tisa na makovu matatu, na bado nafulia. Likipasuka, nalikausha kabisa juani. Kisha napasha msumari kwenye mkaa na kutoboa kitundu pale ufa unapoishia. Usipofanya hivyo, utaziba huku nao unaendelea na safari kule mbele. Halafu nakata kipande chembamba kutoka beseni jingine lililokufa (cha dumu la mafuta kwangu hakikushika), nakiweka juu ya ufa na kukikandamiza kwa kisu kikuukuu chenye moto, taratibu, mpaka viyeyuke pamoja. Ndani na nje. Fanyia uani, upepo ukiwa mgongoni, maana moshi ule si wa kuvuta.

Kamba ya kuanikia nguo ikilegea, inyanyue kwa mti wenye panda.

Pasi ya mkaa ikinata, ipitishe ikiwa ya moto juu ya jani bichi la mgomba. Inateleza kama imepakwa nta.

Sasa, kupiga pasi kwenyewe. Mume wangu hunyoosha hata shati la shambani. Mimi khanga nazikunja zikiwa na unyevunyevu kidogo, naziweka chini ya godoro na kuzilalia usiku mmoja, basi. Ila nepi na nguo za ndani zilizoanikwa nje sina mzaha nazo: kuna nzi anayetaga kwenye nguo mbichi, na funza wake huingia ngozini. Hizo napiga pasi ya moto pande zote, hasa kwenye mishono na lastiki.