Kufungua tawi la chama cha wafanyakazi: kazi kubwa iko kwenye TUF 6

Tawi si chama kipya. Kusajili chama chenu wenyewe kunataka wafanyakazi wasiopungua 20, katiba na safari za kwa msajili. Tawi linataka wanachama 10 tu, wa chama ambacho tayari kimesajiliwa. Ndivyo inavyosema Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, hapa Tanzania. Basi nendeni ofisi ya mkoa ya chama cha sekta yenu: TUICO kwa viwanda na biashara, CHODAWU kwa hoteli, TPAWU kwa mashamba makubwa. Mwakilishi wao ana haki ya kuingia eneo la kazi kuandikisha watu, mradi asivuruge kazi. Muda wa chakula ndio salama. Mkiitana saa nne asubuhi mashine zikiwa zinazunguka, mnampa mwajiri kesi ya nidhamu bure.

Kisha TUF 6, fomu inayomruhusu mwajiri kukata ada kwenye mshahara. Hapa ndipo matawi mengi hufia. Jina liandikwe vilevile lilivyo kwenye hati ya mshahara. Aliyeruka jina la kati atarudishiwa. Kila mtu ajaze na kusaini mwenyewe, aweke na tarehe. Fomu thelathini zenye mwandiko mmoja zinanuka kughushi hata kama hakuna aliyeghushi. Meneja wa ngazi ya juu mwacheni, sheria haimruhusu kukaa chama kimoja na wa chini yake. Toeni nakala zote, ndipo mzipeleke pamoja na barua ya chama, na afisa rasilimali watu asaini dispachi, yaani daftari la kupokelea barua. Akigoma, tumeni kwa rejista ya posta na mtunze risiti.

Chama kikishampa mwajiri notisi ya kudai haki hizi kwenye fomu yake, mwajiri ana siku 30 za kukutana nacho. Akikaa kimya, shauri linakwenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa usuluhishi.

Makato yakianza, fedha zifike kwa chama ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, pamoja na orodha ya majina. Kila siku ya kuchelewa ni nyongeza ya asilimia 5. Linganisheni orodha hiyo na nakala zenu. Mara nyingi kuna majina mawili matatu yaliyoyeyuka.

Wawakilishi wa chama mahali pa kazi ni 3 kwa wanachama 10 hadi 20, na 10 kwa wanachama 21 hadi 100.

Kujadili mishahara ni hatua nyingine: lazima muwe zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa kitengo ambacho mishahara yake inajadiliwa. Kama mko 86, 43 hawatoshi, wanatakiwa 44. Msiishie hapo, fikisheni 50, kwa sababu mwanachama anaweza kujitoa kwa notisi ya mwezi mmoja, na wakishaanza kuitwa ofisini mmoja mmoja, wapo watakaojitoa.