Jinsi ya kukagua matumbawe yanapopauka, kuanzia kaskazi mpaka kusi

Kila mwaka Februari mpaka Aprili simu yangu inajaa picha za matumbawe meupe na swali ni lile lile, haya yamekufa? Mara nyingi bado, na hapo ndo penye kazi, manake tumbawe lililopauka, yaani lililopoteza rangi kwa joto la maji, linaweza kurudi joto likishuka mapema, ila bila rekodi hakuna atakayejua lilirudi ama lilikwisha. Mwongozo huu nauandika kwa wavuvi, vijana wa BMU (vikundi vya kusimamia fukwe na uvuvi) na wapeleka watalii huku Pwani ya Kenya, na nyinyi wa Tanga mpaka Mafia mnaweza kuutumia hivo hivo. Mtungi wa hewa wa kuzamia hauhitajiki, miwani na mrija vinatosha.

Hatua ya 1: Vifaa
Tafuta kadi ya rangi ya CoralWatch, ile ya Chuo Kikuu cha Queensland kule Australia. Ina rangi za aina nne, kila aina ina namba 1 mpaka 6, 1 ndo nyeupe na 6 ndo iliyokolea. Usijiprintie mwenyewe, printa ya saiba itabadilisha rangi na kazi yote iharibike. Kibao cha kuandikia usinunue, kata ubavu wa dumu jeupe la mafuta, sugua na msasa mpaka ule utelezi uishe, toboa tundu ufunge penseli na uzi wa mshipi. Penseli ya kawaida inaandika vizuri tu ndani ya maji.

Hatua ya 2: Anza kabla ya joto
Nenda Disemba au Januari uchukue hali ya kawaida. Wengi huanza siku wameona weupe, sasa hapo utalinganisha na nini? Kuanzia Februari rudi kila wiki mbili mpaka upepo wa kusi ushike na maji yapoe, pale pale, kina kile kile, saa zile zile. Mimi napenda maji mafu, yale yanayojaa na kupwa kidogo, kwa sababu mkondo hausumbui, lakini kama umezoea kupwa kwa bamvua sawa, mradi usichanganye.

Hatua ya 3: Angalia satelaiti
NOAA, shirika la bahari na hali ya hewa la Marekani, wanaweka ramani za joto la bahari bure kwenye intaneti. Maji yakizidi kiwango cha kawaida cha mwezi wenye joto zaidi kwa nyuzi 1 kwa wiki moja, hiyo ni alama 1. Alama zikifika 4 tegemea kupauka, zikifika 8 tegemea vifo. Wazee watakuambia kuhusu 1998, mwaka wa El Niño, miamba mingi ya Kenya ilipoteza zaidi ya nusu ya matumbawe hai, na joto likarudi tena 2016 na 2024.

Hatua ya 4: Ndani ya maji
Usichague tumbawe zuri wala lililopauka zaidi, ogelea mateke kadhaa kisha pima lililo karibu nawe. Weka kadi kando ya sehemu iliyo hafifu zaidi, andika rangi na namba, kisha sehemu iliyokolea zaidi. Ncha za matawi ziache, hizo huwa nyeupe zenyewe kwa sababu ndo zinakua. Andika pia umbo, ni la matawi, la bonge, la sahani au ni laini. Pima angalau 20. Usisimame juu ya mwamba, ukichoka laza mgongo uelee.

Namba ikishuka kwa 2 au zaidi kutoka ile ya Januari, jua vile vijimwani vinavyoishi ndani ya tumbawe na kulilisha vinaondoka. Ya matawi huanza, mabonge huvumilia.

Hatua ya 5: Weupe si mmoja
Hapa ndo watu wanachanganya. Lililopauka bado lina nyama, sogeza uso karibu utaona utando mwepesi kama kioo na vijimikono vidogo. Lililokufa juzi ni mfupa mtupu, na baada ya siku chache linaanza kushika ukijani wa mwani. Ukiona kiraka cheupe chenye ukingo uliokatika wazi, tafuta kiti cha pweza (nyota wa baharini) mwenye miiba mingi hapo karibu, huyo amekula. Na yale ya zambarau au buluu inayowaka, watalii wanayapenda kweli kupiga picha, jamani yale nayo yako kwenye joto.

Hatua ya 6: Fanya kitu
Tuma namba zako CORDIO, shirika la utafiti wa matumbawe hapo Mombasa, walianza 1999 kwa sababu ya yale ya 1998 na wanakusanya ripoti za ukanda mzima. Kisha peleka kwenye kikao cha BMU: nanga zisitupwe juu ya mwamba, juya, ule wavu wa kukokota, lisiingie (Kenya limepigwa marufuku tangu 2001 na bado tunaliona), na pono na tafi wapumzishwe, manake wao ndo wanakula mwani ili matumbawe machanga yapate pa kushika. Kupanda vipande vipya vya matumbawe wakati wa joto mimi sikubaliani nako hata mfadhili akija na fulana, vinakufa tu, subirini maji yapoe.

Kibao kipige picha kabla ya kukisuuza, namba ziingie daftarini siku hiyo hiyo. Agosti, bahari ikiruhusu, rudi ukahesabu yaliyobaki hai.