Kupima pofirini kwenye ini la panya dume na jike bila kudanganywa na dirisha

Kijana mmoja wa maabara yetu alinijia na grafu ya kupendeza: madume wamejaa pofirini (malighafi ambayo mwili hutengenezea hemu, sehemu nyekundu ya damu yenye chuma), majike karibu hawana. Nikamuuliza, "Majike uliwapasua saa ngapi?" Saa nane mchana, meza ya dirishani. Nilicheka kwa uchungu, maana kosa hilo la mwanga liliwahi kunila miezi.

1. Panya. Natumia panya wadogo wa koo za maabara ziitwazo C57BL/6 au C3H. Sindano moja ya DEN (diethilinitrosamini, kemikali inayoleta saratani ya ini), miligramu 25 kwa kilo ya uzito, wakiwa na siku 15 hivi. Miezi minane au tisa baadaye, madume karibu wote wana uvimbe wa ini, majike wachache. Ukiwahasi madume, uvimbe hupungua. Ila usikariri kwamba dume ndiye mgonjwa siku zote: kwa panya wakubwa waliolishwa heksaklorobenzini (sumu ya kuua kuvu), jike ndiye anayejaza pofirini zaidi.

2. Chakula. Kisiwe na alfalfa. Klorofili yake hung'aa wekundu chini ya taa ya urujuani, nawe utadhani umeona pofirini.

3. Damu na mwanga. Hapa usiharakishe.

Himoglobini ya damu imebeba hemu nyingi. Ini lenye damu likikupa hemu nyingi, umepima damu. Ingiza sindano kwenye mshipa unaoleta damu kutoka utumboni, kata vena kava (mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni), sukuma maji ya chumvi baridi polepole mpaka ini liwe rangi ya chai ya maziwa. Ukisukuma kwa nguvu linavimba na kuchanika. Ini lenye uvimbe mkubwa halioshwi sawasawa. Sehemu iliyobaki nyekundu usiipime, na uandike kwamba umeiacha.

Kisha mwanga. Pofirini huharibiwa na mwanga, tena haraka. Funga pazia, zima taa za juu, fanya kazi kwa taa hafifu nyekundu. Mirija ya kahawia haitoshi, mimi siiamini. Kila mrija uviringishe karatasi ya alumini *kabla* ya kutia kipande, halafu kwenye naitrojeni ya majimaji papo hapo.

Na kubwa kuliko yote: usimalize madume ndipo uanze majike. Dume, jike, dume, jike, siku ile ile, na saa ya kila mmoja iandikwe. La sivyo unalinganisha asubuhi na mchana, halafu unaita tofauti ya jinsia. Mimi nilirudia kundi zima kwa sababu hiyo.

4. Kupima. Saga, toa pofirini kwa asidi, zungusha kwenye mashine ya kutenganisha mashapo, soma kwenye florometa (kifaa kinachopima mwanga ambao sampuli hutoa ikimulikwa): mwanga wa kuingia nanomita 400 hivi, wa kutoka juu ya 600. Gawanya kwa protini, usigawanye kwa uzito wa kipande, kwa kuwa ini lenye mafuta litakupotosha.

Uvimbe na nyama iliyo kando yake viende kwenye mirija tofauti. Vikishachanganyika kwenye kinu, havitenganishiki tena.