Jinsi ya kusoma mkataba wa kimataifa: anzia kurasa za mwisho

Nchi ikisaini tu kitu huko nje, mitandaoni moto unawaka, huyu anasema tumeuzwa yule anasema tumeokoka, waulize kama kuna aliyeusoma huo mkataba, kimya. Jamani kuusoma si lazima uwe wakili, ila usianzie mwanzo. Kule mwanzo kumejaa "tukizingatia" na "tukikumbuka", pita haraka, shuka mpaka ibara za mwisho maana huko ndiko wanakoandika unaanza kazi lini na nani anabanwa.

Cha kwanza angalia kama saini inatosha au mpaka nchi iridhie, yaani ikubali rasmi kufungwa nao. Mikataba mingi mikubwa inataka vyote viwili. Ukisaini umeonyesha nia na hutakiwi kuuhujumu mkataba, ukiridhia ndio umefungwa. Marekani ilisaini Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1995 na haijauridhia mpaka leo, kwa hiyo hauibani. Kwa Tanzania kuridhia ni kazi ya Bunge, ipo ibara ya 63 ya Katiba, Kenya nao wana sheria yao ya 2012.

Ila usikariri hiyo, soma hati yenyewe. Aprili 2009 waziri wa Kenya na wa Somalia walisaini hati ya makubaliano kuhusu mambo ya mpaka wa baharini, aya saba tu, Agosti bunge la Somalia likaikataa. Wengi tungesema imekufa hiyo. Kesi ilipofika Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague, Somalia wakasema haiwabani maana bunge halikuridhia, majaji wakafungua hati wakakuta imeandikwa itaanza kutumika ikishasainiwa, basi, 2017 wakaamua ni mkataba halali kabisa. Kenya nao walidhani hiyo hati inazuia kesi kusikilizwa, mahakama ikasema haizuii, na 2021 mstari ukachorwa, sehemu kubwa kwa faida ya Somalia. Yaani sentensi moja ya mwisho ilibeba uzito wote huo.

Halafu cheki idadi ya nchi zinazotakiwa kuridhia ndipo mkataba uanze kazi. Itifaki ya Maputo, mkataba wa Umoja wa Afrika wa haki za wanawake, ilipitishwa Julai 2003 lakini ilisubiri nchi 15 ziridhie, ikaanza kazi Novemba 2005.

Cha tatu, na hiki watu wengi wanakiruka, angalia nchi yako imekataa vipengele gani. Kenya iliridhia hiyo hiyo Maputo 2010 ila ikajiondoa kwenye ibara ya 10(3) na 14(2)(c), ya pili ndiyo inayogusa utoaji mimba. Kwa hiyo mtu akikwambia "Kenya imeridhia" muulize imeridhia yote?

Haya yote yapo bure, tovuti ya Umoja wa Afrika ina jedwali kwa kila mkataba, tarehe ya kusaini, ya kuridhia na ya kuwasilisha hati ya kuridhia, na Umoja wa Mataifa wana yao. Safu ya kuridhia ikiwa tupu, umeshapata jibu.

Ukisikia "tumejitoa" uliza tumejitoa wapi hasa. 2019 wengi walisema Tanzania imejitoa Mahakama ya Afrika ya haki za binadamu iliyopo Arusha, sio kweli, ilichofuta ni tamko lililoruhusu mtu binafsi na asasi kuishtaki moja kwa moja, kwenye itifaki iliyoanzisha mahakama hiyo bado ipo. Inauma, lakini tuseme kilichotokea.

Na kama unataka kuutumia mkataba, ule wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ibara ya 30 inamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kwenda mahakama ya Jumuiya kupinga sheria au kitendo cha serikali kinachouvunja. Ila una miezi miwili tu tangu jambo lifanyike au ulipolijua, ikipita hiyo miezi, kesi haipokelewi hata iwe nzuri vipi, kwa hiyo tarehe andika siku hiyo hiyo.