Pakiti kubwa zinapopotea kimya kimya: kagua anwani ya ruta

Dalili zake utazijua: SSH (njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali) inapokea nenosiri na kukuingiza vizuri, ila ukiomba orodha ndefu ya mafaili, skrini inaganda. Pakiti ndogo zinapita, kubwa hazifiki.

Pima ukiwa upande unaotuma data nyingi, yaani kwenye seva. Linux ni `ping -M do -s 1472` kisha anwani ya mteja. Windows ni `ping -f -l 1472`. Baiti 1472 na 28 za vichwa vya IP na ICMP (itifaki ya ping na ya ujumbe wa makosa ya mtandao) zinatimiza 1500, kikomo cha kawaida cha Ethernet. Ikiwa 1464 inapita na 1465 inakwama, njiani kuna kikomo cha 1492, karibu kila mara ni PPPoE (njia ya watoa intaneti kuunganisha wateja), inayokula baiti 8.

Kukwama si kosa. Kosa ni ukimya. Ruta iliyoshindwa kupitisha pakiti inatakiwa kumrudishia mtumaji ICMP aina ya 3, msimbo (code) 4, ikitaja ukubwa unaokubalika. Usubiri ujumbe huo kwenye seva kwa tcpdump, programu ya kutazama pakiti (weka jina la kiolesura, yaani mlango wa mtandao, cha seva yako badala ya eth0):

`tcpdump -ni eth0 'icmp[0]=3 and icmp[1]=4'`

Usipouona, wengi hulaumu fayawoli iliyofunga ICMP yote, na mara nyingi hawakosei. Lakini iangalie na ruta yenyewe. Ujumbe wa kosa husafiri kwa anwani ya kiolesura chake. Kiolesura hicho kikiwa na anwani ya ndani kama 10.0.0.1, kwa sababu mtu alitaka kuokoa anwani za umma, ujumbe unatoka sahihi kabisa kisha unatupwa mpakani: mitandao mingi haipokei kutoka nje pakiti zinazodai kutoka 10.0.0.0/8, 172.16.0.0/12 au 192.168.0.0/16. Wenye mitandao hiyo wana haki, kwa hiyo usiwaombe wafungue.

Kipe kiolesura anwani ya umma. Kama anwani za umma hazitoshi, kiazime ile ya loopback, kiolesura cha ndani ya ruta kisicho na waya. Kwenye Cisco ni `ip unnumbered Loopback0`, mradi loopback yenyewe iwe na anwani ya umma.

Wakati unasubiri anwani irekebishwe, bana MSS (kikomo cha data katika kila pakiti ya TCP) kwenye ruta:

`iptables -t mangle -A FORWARD -p tcp --tcp-flags SYN,RST SYN -j TCPMSS --clamp-mss-to-pmtu`

Hiyo inaokoa TCP tu, UDP haiguswi. Na kwenye IPv6 usithubutu kuzuia ICMPv6 aina ya 2 (ujumbe wa “pakiti kubwa mno”), maana huko ruta hazigawi pakiti hata kidogo.