Koni za habu ya baiskeli: kufungua, kupaka grisi na kukaza bila kuziua

Shika ringi kwa juu, isukume kulia na kushoto. Ikigonga, koni zimelegea, yaani zile nati za ekseli zinazobana gololi ndani ya habu (kitovu cha gurudumu). Sasa toa gurudumu, zungusha ekseli kwa vidole: ikikwaruza kama imejaa mchanga, usikimbilie kuikaza wala kuilegeza. Ifungue. Kurekebisha koni juu ya grisi chafu ni kusaga chuma tu.

Maelezo haya ni ya habu zenye koni na gololi. Zile za beringi nzima (gololi zimefungiwa ndani ya beringi yenyewe) hazirekebishwi; beringi ikiisha inang'olewa, inawekwa nyingine.

Vifaa: spana nyembamba za koni (13 mm kwa mbele na 15 mm kwa nyuma ndizo za kawaida), spana ya nati ya kufungia (ile ya nje inayoizuia koni isizunguke), ambayo mara nyingi ni 17 mm, grisi, mafuta ya taa, matambara na sahani ya kuwekea gololi. Spana nene ya kawaida haiingii kwenye koni, na ukiilazimisha utakula pembe zake.

1. Fungua upande mmoja tu. Kwa gurudumu la nyuma, fungua upande usio na friwili (meno ya mnyororo). Shika koni kwa spana moja, legeza nati kwa nyingine, kisha toa nati, washa (pete bapa ya chuma) na koni, uvipange kwa mfuatano uliovitoa. Koni ya upande wa pili iache ilivyo kwenye ekseli, ndiyo itakayokurudishia ekseli mahali pake.

2. Tandika tambara chini kabla ya kuchomoa ekseli, maana gololi zitadondoka na mojawapo lazima itafute uvungu wa kabati. Zihesabu kila upande. Mara nyingi mbele ni 10 za inchi 3/16 na nyuma ni 9 za inchi 1/4, ila fuata ulichokikuta.

3. Osha kila kitu kwa mafuta ya taa, ukaushe. Kisha pitisha ncha ya kalamu ya wino taratibu kwenye njia ya gololi, kwenye koni na ndani ya kikombe (bakuli la habu gololi zinamokaa). Kalamu ikiruka, kuna shimo. Koni yenye mashimo ibadilishe, haina dawa. Kikombe chenye mashimo ni habari mbaya zaidi, kwa kuwa katika habu nyingi hakitoki.

Gololi badilisha zote. Nilipoanza ufundi nilikuwa nachomeka mpya palipokosekana na kuziacha kuukuu zilizobaki. Zile mpya ni nene kidogo, kwa hiyo zinabeba mzigo zenyewe tu na kuichimba koni mapema.

4. Jaza grisi kwenye vikombe, panga gololi zishikwe na grisi. Pakibaki nafasi ndogo isiyotosha gololi moja, ni sawa, usishindilie. Rudisha ekseli, kaza koni kwa vidole mpaka iguse, kisha irudishe nyuma kidogo sana.

5. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Ukikaza nati ya kufungia, inaisukuma koni ndani, na ulichokipima kwa vidole kinabadilika. Kwa hiyo usipime kabla nati haijakazwa sawasawa. Shika koni isizunguke, kaza nati, ndipo uzungushe ekseli. Ikiwa nzito, weka spana mbili kwenye koni na nati za upande huohuo, zuia nati, rudisha koni nyuma kidogo kuielekea nati. Ikicheza, legeza nati, ingiza koni chembe tu, kaza tena. Mara tatu au nne ni kawaida, hata kwangu.

Ekseli ya nati za kawaida isicheze kabisa. Ile yenye mkono wa kufungia haraka ni tofauti: mkono ukifungwa unaibana ekseli, koni zinasogea, hivyo acha mchezo mdogo unaosikika kwa vidole, nao upotee gurudumu likishafungwa kwenye fremu. Bado ukiusikia, toa gurudumu urudie.

Mwisho, inua baiskeli, lisogeze gurudumu la mbele mpaka valvu iwe pembeni, uliachie. Likiwa halikwaruzwi na breki, upande mzito utashuka wenyewe, gurudumu libembee huku na huko kabla ya kutulia. Likisimama ghafla, koni bado zimebana: rudi hatua ya 5.