Kupima jinsi chakula kinavyobadilisha bakteria wa utumbo wa kiwavijeshi vamizi

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia mwanafunzi mmoja hapa Malindi. Kiwavi huyu, aliyethibitishwa Kenya mwaka 2017, hula mahindi lakini hukubali pia mimea mingine mingi, kwa hiyo anafaa sana kwa jaribio hili.

Hatua ya 1: Mayai

Ingia shamba la mahindi machanga, kwa mfano upande wa Gongoni, upindue majani. Mayai hukaa rundo moja lililofunikwa kwa manyoya laini. Chukua rundo moja tu. Wakianguliwa, gawa ndugu hao: nusu wale mahindi, nusu majani ya mbarika. Ukiokota viwavi wa mashamba mawili tofauti, hutajua kama tofauti imeletwa na chakula au na uzao.

Hatua ya 2: Kufuga

Kila kiwavi na kikopo chake, maana hutafunana. Badilisha majani kila asubuhi. Kwa joto letu huota ukungu upesi. Usioshe majani, na yasiwe yamepigwa dawa. Chakula cha kutengenezwa maabara mimi nakikataa kabisa kwa kazi hii: huwekewa dawa za kuzuia ukungu, mara nyingine hata antibiotiki.

Hatua ya 3: Wapita njia na wenyeji

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Bakteria utakaowakuta utumboni, wengi wameingia na jani na watatoka na kinyesi. Utumbo wa kati wa viwavi una alkali kali, pH yake (kipimo cha asidi na alkali) inaweza kufika 10 au zaidi, na si kila bakteria huvumilia humo. Ukipasua kiwavi aliyetoka kula, unapima jani.

Kwa hiyo gawa kila kundi mara mbili. Nusu wapasuliwe wakiwa wameshiba, nusu wakeshe bila chakula. Waliofungishwa uwaondolee kinyesi mara kwa mara, la sivyo wataking'ata na kurudisha yale yale uliyotaka yatoke. Usizidishe usiku mmoja, kwani njaa yenyewe hubadilisha bakteria.

Saga pia jani la kila mmea ulilowapa siku hiyo, uoteshe bakteria wake pembeni kwenye sahani ya agari (ute wa kukuzia bakteria). Bila sahani ya jani huna cha kulinganisha.

Kisha hamisha viwavi wachache wa mahindi waende kwenye mbarika siku moja kabla ya kupasua. Bakteria wao wakifanana mara moja na wa jani jipya, hao walikuwa wapita njia. Wanaobaki baada ya kufunga na baada ya kuhama ndio wa kuwaita wenyeji.

Hatua ya 4: Kupasua

Mlaze kiwavi kwenye barafu atulie. Mwoshe kwa spiriti ya asilimia 70, kisha maji yaliyochemshwa kwa sufuria ya presha. Maji ya mwisho yaoteshe pia. Yakitoa bakteria, ngozi haijasafika. Tumia mkasi mdogo, si wembe: wembe hutoboa utumbo.

Hatua ya 5: Kuotesha na kusoma

Saga utumbo, zimua, paka kwenye agari, hesabu. Bakteria wengine hawaoti sahanini, basi andika "walioota", usiandike "waliokuwemo". Enterokokasi, aina ya bakteria wa mviringo, hupatikana mara nyingi kwa viwavi wa jamii hii: chini ya hadubini ni vidonge viwili viwili au mnyororo mfupi, na ukiwadondoshea hidrojeni peroksaidi hawatoi povu.